Wanawake Saba kwenye Namba Moja

Asubuhi niliyoondoka Masasi sikuwa na mpango wowote. Nilikuwa nimeamka vizuri, nimekunywa chai, nimefungua kibanda changu nyuma ya soko, nikaitazama ile meza na ule msumari wa kutundikia waya, na papo hapo nikaona nimevitazama vya kutosha. Nikafunga. Jirani yangu aliyeuza vitenge akaniuliza, "Fundi, safari ya wapi tena?"

"Sijajua bado."

"Ukishajua, nijulishe," akasema, akaendelea kukunja vitenge vyake. Alikuwa ameshanizoea.

Kwenye mkoba nilitia bisibisi zangu, kifaa cha kulehemu, kompyuta ndogo ya mtumba, sidii chache na nusu mche wa sabuni. Sabuni nitaieleza. Barabarani lilisimama lori lililopakia magunia matupu ya korosho, linapanda Newala kwa ajili ya msimu. Dereva alikuwa anatafuta mtu wa kuongea naye asije akasinzia kwenye kona. Kuongea ninaweza. Ndivyo nilivyofika Newala, nikapanga kibanda kingine, nikidhani nitakaa wiki moja.

Ninyi vijana mnaokuja barazani kwangu na simu zenu nyembamba, mkaniuliza nilisomea chuo gani, leo nawajibu. Sikusoma chuo. Shule yenyewe niliiacha darasa la sita, kule Lukuledi, wala si kwa ugomvi. Mwalimu alinituma nipeleke redio ya shule kwa fundi. Fundi akaifungua mbele yangu. Redio ilirudi shuleni baada ya siku tatu, mimi sikurudi.

Fundi huyo aliitwa Chilumba, mtu mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alikuwa na mambo mawili. La kwanza ni sabuni. Kabla ya kufungua kitu alichukua kipande cha sabuni ya mche, akachora juu yake umbo la kile kitu kwa ncha ya msumari, na kila skrubu aliyoitoa aliichomeka kwenye sabuni mahali ilipotoka. Skrubu zinafanana kwa macho, hazifanani kwa urefu. Siku moja niliidharau sabuni, nikarudisha skrubu ndefu mahali pa fupi, ikatoboa spika ya redio ya mtu. Tangu siku hiyo nyumbani kwake taarifa ya habari ilisomwa na msomaji mwenye mafua.

La pili ni maswali. Chilumba alimwuliza kila mteja maswali matatu: kiliharibika lini, nani alikigusa mwisho, na wewe unakitumiaje. Mawili ya mwanzo niliyaelewa. La tatu niliona ni umbea. Redio si ya kusikiliza? Mtu ataitumiaje, ataikaanga? Nilipomwambia hivyo aliniambia kuna mteja ambaye redio yake kazi yake ni kumwamsha alfajiri tu. Ukimtengenezea sauti ukamharibia saa, umemwibia. Nikawa nauliza swali la tatu alipokuwa ananisikia. Alipofariki, nikaacha. Mtaona lilinifikisha wapi.

Simu zilipokuja, redio nikaziacha. Ilikuwa ile miaka ambayo kila kitu kilifunguliwa kwa mpigo. Korosho zilizokuwa na mnunuzi mmoja zikapata wanunuzi wengi, kila mmoja na gari lake na mizani yake. Kampuni za simu zikashindana kusimamisha minara. Simu za mtumba zikaingia kwa magunia, kama viatu. Mkulima alinunua simu mwezi wa kumi na moja, korosho zikiwa zimechangamka, akaiuza mwezi wa pili chakula kilipopungua. Nilifahamiana na simu moja nyekundu iliyopita mikononi mwa watu watano; kila ilipokuja kwangu niliisalimia kabla ya mwenyewe.

Mtu mmoja kutoka Chilangala aliniletea simu akilalamika kwamba inauma. "Inauma vipi?" Akanigeuzia sikio: limevimba, lina malengelenge. Alikuwa amefika kwa hasira, anataka kujua umeme wa simu umepataje njia ya kumwingia. Nikaigeuza ile simu, nikainusa. Alikuwa anabangua korosho nyumbani, simu ikalia, akaipokea na mikono yake ina yale mafuta ya ganda. Nyote mnajua mafuta yale yanavyounguza. Niliisafisha kwa majivu na kitambaa, nikamwambia simu imepona. Aliwaambia watu mimi ni fundi mkubwa, maana nimetibu simu iliyokuwa inang'ata.

Kufleshi simu nako, yaani kuifuta programu yake na kutia nyingine, hakukuwa jambo la kubonyeza mara moja na kwenda kunywa chai. Umeme ukikatika katikati, simu imekufa. Newala umeme ulikuwa wa jenereta na jenereta lilikuwa na tabia zake. Kwa hiyo nilifleshi kwa betri ya gari, chini ya meza, huku nimeweka mguu pembeni ili mbuzi wasipite na waya.

Sasa nije kwa Mama Anastazia.

Alikuwa mkunga wa kituo cha afya, mwenyeji wa Iringa, aliletwa Newala akiwa msichana na kila uhamisho uliofuata aliukataa. Alisema Iringa kuna baridi. Chimakonde alikijua kuliko mimi niliyezaliwa kusini. Wageni wa mradi fulani walikuja zamani wakakiachia kituo kompyuta moja na simu kubwa yenye kijiti cha kuandikia. Akienda kliniki za vijijini, aliandika kila mjamzito kwenye orodha ya majina ya simu ile: jina, namba ya kumpigia, na chini yake maelezo, tarehe anayotarajiwa kujifungua na jambo lolote la kuangalia. Akirudi anachomeka waya kwenye kompyuta. Ndani ya kompyuta kulikuwa na programu inayolinganisha pande mbili: kilicho kipya kwenye simu kinaingia kwenye kompyuta, kilichosahihishwa kwenye kompyuta kinarudi kwenye simu. Siku hizi mnaita kulandanisha na inafanyika hewani bila ninyi kujua. Sisi tuliita kuoanisha, na ilihitaji waya, dua na subira.

Wageni walikuwa wameshaondoka. Mradi ulikwisha, ile programu ilibaki yatima, lakini ilifanya kazi. Kila Jumatatu Mama Anastazia alikaa mbele ya orodha iliyopangwa kwa tarehe, akawapigia waliokaribia. Wengine walihitaji tu kukumbushwa. Wengine, wale wa hatari, walitakiwa wafike Newala wiki mbili kabla, wakae kwenye nyumba ya kungojea karibu na hospitali, maana kutoka vijijini uchungu ukishaanza, mchanga wa barabara hauna huruma.

Aliniletea ile simu asubuhi moja.

"Fundi, inaganda. Nikiandika jina la kijiji, Mnyambe, inaniandikia Mny, halafu inakaa kutafakari."

"Niachie mpaka kesho, Mama."

"Kesho saa ngapi?"

"Saa nne."

"Saa nne ya fundi au saa nne ya watu?"

"Ya watu."

Kilichotakiwa ni kusafisha takataka zilizojaa ndani, kazi ya nusu saa. Lakini mimi nilikuwa na sidii yenye programu mpya ya simu za aina ile, nilinunua Dar es Salaam na sijawahi kuijaribu. Mkono ulikuwa unaniwasha. Hakuniomba programu mpya, aliomba isigande. Sikumuuliza anaitumiaje. Nikaipandisha programu, simu ikaamka na rangi ambazo hata mimi nilikuwa sijaziona, kijiti kinateleza kama samli. Alipokuja saa nne alifurahi sana, akaniita mwanangu, ingawa tulilingana umri.

Saa sita amerudi. "Kompyuta inasema haiijui simu hii. Miaka yote wamekaa pamoja, leo haiijui."

Nikahamia kwenye kile chumba cha kompyuta siku mbili. Nilitoa waya, nikarudisha waya. Nilizima, nikawasha. Vijana, mtu akiwaambia ufundi ni akili, mwambieni nusu yake ni kuwa na makalio yanayovumilia kiti. Siku ya pili, ndani kabisa ya mipangilio ya simu, chini ya chini, nikakuta mahali pa kuchagua simu ijitambulishe namna gani inapochomekwa waya. Nikaiambia ijitambulishe kama ile ya zamani. Kompyuta ikaikubali. Mstari ukatembea polepole mpaka mwisho, ikaandika kwamba imekamilisha. Nikaomba soda, nikapewa, nikainywa nimesimama mlangoni ili wapita njia waulize ya nini.

Jumatatu aliniita. Hakuja yeye, alituma mtu, nikajua mambo si mazuri. Nilimkuta amekaa mbele ya kompyuta, mikono iko mapajani.

"Mnyambe nilikuwa na wajawazito saba," akasema. "Sasa ninaye mmoja."

"Labda wengine wamejifungua."

"Wote sita, Jumapili? Soma."

Nikasoma. Jina lilikuwa Asha Bakari. Chini yake tarehe. Chini ya tarehe: mshono, aje kungojea.

"Asha ni mimba ya kwanza," akasema. "Hana mshono hata wa gauni. Tarehe hii si yake, ni ya mwingine. Na mshono ni wa mwingine tena. Fundi, umenitengenezea mwanamke wa viraka."

Hapo ndipo nilipomwuliza swali la tatu la marehemu Chilumba, nikiwa nimechelewa siku tano. Alinijibu. Mnyambe hakuna mwanamke kati ya wale aliyekuwa na simu. Simu ilikuwa moja, ya Mama Somoe mwenye duka. Wote saba walitoa namba ile ile. Ukipiga, Mama Somoe anapokea, anamtuma mtoto yeyote anayepita, mhusika anakuja. Ndivyo ilivyokuwa kila kijiji cha huko juu, na hakuna aliyeona ajabu. Programu ya zamani nayo haikuona ajabu. Ile mpya ilikuwa imetengenezwa na watu ambao kwao kila mtu ana simu yake mfukoni. Ilipoona namba moja kwa majina saba, ikaamua mwenye simu ameandikwa mara saba kwa uzembe, ikawaunganisha: jina la wa kwanza, tarehe ya mwingine, maelezo ya mwingine. Kisha kompyuta, mtiifu yule, ikaiga. Hakukuwa na nakala, kwa sababu mimi sikuichukua. Wino wa printa ulikuwa umeisha tangu mvua zilizopita. Daftari la kliniki ya Mnyambe lilikaa Mnyambe kwenye kabati, na mwenye ufunguo wa kabati alikuwa semina Mtwara.

"Humkumbuki mwenye mshono?"

"Nilimwona mara moja, siku ambayo foleni ilifika barabarani. Alipasuliwa uzazi wa kwanza. Akishikwa na uchungu huko kijijini ule mshono unaweza kuachia, na hapo tutampoteza yeye na mtoto. Nilikuwa nakumbuka kila mtu, Fundi, kabla sijapewa hiki kijiti. Nikaiachia simu ikumbuke."

"Tumpigie Mama Somoe."

"Tangu asubuhi napiga. Haipatikani." Akanisomea namba.

Nikakaa chini. Namba ile niliijua. Nilikuwa nimeikwangua mimi mwenyewe kwenye sabuni. Simu ya Mama Somoe, iliyoletwa na mtu wa kutumwa asiyenitajia mwenyewe, ilikuwa mezani kwangu, imefunguliwa siku ya kumi hiyo, skrubu zake zimechomekwa vizuri kabisa, inasubiri kioo.

Nilimwambia. Mama Anastazia hakupandisha sauti. Ndani kulikuwa na mama anajifungua, hakuweza kutoka.

"Gari la chanjo linarudi kutoka upande huo leo," akasema. "Linapita Mnyambe saa tisa alasiri, halisubiri. Mtafute mwenye mshono, awe barabarani na mzigo wake na mtu wa kumpikia. Umenichukulia simu, basi leo simu ni wewe."

Nilikimbia kibandani, nikang'oa kioo cha simu nyingine nikakifunga kwenye ile ya Mama Somoe, kina ufa lakini kinaonyesha. Nikaazima baiskeli.

Dawa ya ile programu niliipata njiani, kwenye mchanga, ninasukuma baiskeli badala ya kuipanda. Ukiandika namba ya simu, kisha mwishoni ukaongeza herufi p na tarakimu moja, simu inapiga ile namba, inapumzika kidogo, ndipo inatuma tarakimu ile. Mpokeaji akishapokea hapati shida, anasikia mlio mdogo tu. Lakini kwa kompyuta, namba yenye p1 na namba yenye p2 ni namba mbili. Wanawake saba, p1 mpaka p7, simu moja, na hakuna wa kumwunganisha na mwenzake. Tuliiandika hivyo kwa vijiji vyote, na ile huduma ya zamani ikaendelea kufanya kazi miaka mingine mitatu, pamoja na programu yangu mpya ambayo sikuweza tena kuirudisha nyuma. Mkikutana na mfumo unaowalazimisha wateja wenu wawe watu wasio wao, msianze kwa kuwalaumu wateja. Tafuteni p yake.

Lakini siku ile p haikuwa na msaada, maana sikuwa na majina ya kuwekea.

Nilifika Mnyambe jua la saa saba na nikaanza kwa kosa. Wanaume wanne walikuwa wamekaa kwa fundi baiskeli. Nikawasalimu, nikasema ninawatafuta wanawake wajawazito.

Mmoja akauliza, "Wa nani?"

"Wote."

"Wote ni wako?"

"Huyu baiskeli yake si bure imechoka," mwingine akasema, wakacheka mpaka fundi akadondosha spana. Nikajaribu kueleza habari za mshono, wakaacha kucheka, na hapo ikawa vibaya zaidi, kwa sababu mwanamume mgeni haulizi habari za tumbo la mke wa mtu, achilia mbali kovu lake. Mkubwa wao akaninyooshea kidole duka lililokuwa mbele. "Maneno hayo kayapeleke kule."

Mama Somoe alikuwa mtu mzima, amekaa nyuma ya mizani anachambua mbaazi.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Wewe ndiye fundi wa Newala."

"Umenijuaje?"

"Mwingine angeanza kwa kununua kitu. Simu yangu iko wapi?"

Nikampa. Akaigeuza, akauona ufa. Nikaanza kumweleza, akainua kiganja. Kwanza ajaribu simu. Na Mnyambe mtandao ulipatikana mahali pamoja tu, juu ya kichuguu nyuma ya duka, ambacho watu walikuwa wamekichonga vidaraja kama ngazi. Akajifunga kanga upya, akapanda, mkono mmoja umeshika bega langu. Akampigia Mama Anastazia. Nikawa nasikia upande mmoja.

"Ni mimi. Ndiyo, amefika, ana vumbi mpaka kwenye kope. Eeh. Eeh. Mwenye mshono? Sasa mwanangu, siku zote hizi unaandika kwenye vijiti, kwa nini hukuniuliza mimi?"

Akanigeukia kutoka juu ya kichuguu. "Andika."

Na akawataja wote saba bila kumeza mate. Maana kila simu ya mke wa mtu pale ilianzia sikioni mwake, na aliposubiri mhusika aje, alizungumza na mpigaji. Asha Bakari, mimba ya kwanza, anakula udongo wa ukutani, mama mkwe wake ana hofu ya nyumba kuanguka. Rehema, wa Desemba, asisumbuliwe, ana hasira. Aliendelea hivyo, tarehe na tabia, mimi naandika kwenye kiganja baada ya karatasi kujaa.

"Wa saba Zuhura, Mama Hamza, mke wa Issa. Huyo ndiye aliyepasuliwa. Tangu Ijumaa anatembea ameshika kiuno."

Ilikuwa imebaki saa moja na kitu.

Tulimkuta Zuhura amekaa kwenye mkeka nje ya nyumba, miguu ameinyoosha, anatenganisha korosho nzuri na mbovu. Mumewe Issa alikuwa anafunga magunia. Mama yake Issa yuko jikoni anachemsha ming'oko, vile viazi vya porini. Mama Somoe aliomba kadi ya kliniki, Zuhura akaileta. Zilibaki siku tisa kufika tarehe ya kujifungua.

"Nilikuwa nasubiri nipigiwe," Zuhura akasema. "Sista alisema atapiga. Nikaona hajapiga, nikajua bado."

Mama Somoe alisema kwa niaba yangu. "Alipiga. Simu ilikuwa kwa huyu."

Issa akaacha gunia. Aliniangalia, kisha akaitazama miguu yangu, nadhani alikuwa anachagua pa kuanzia. Lakini mama yake ndiye aliyetoka jikoni.

"Aende Newala kufanya nini? Mimi nimezaa tisa, wote humu ndani. Na korosho hizi?"

"Mama, mimi nimepasuliwa," Zuhura akasema.

"Ulipasuliwa kwa sababu ulikwenda hospitali. Ungebaki hapa nani angekupasua?"

"Nisingebaki hapa, Mama. Ningezikwa hapa." Alilisema taratibu, huku anaendelea kuchambua korosho. "Hamza nimeshampeleka kwa bibi yake Chilangala. Nguo nimefunga tangu juzi. Nilikuwa nasubiri simu tu."

Yule mama akamtazama mwanawe, Issa akatazama magunia.

Mimi nikaona ni wakati wa kuwa simu. Nikasema, "Mama, shikamoo. Mkunga ameniagiza hivi: mshono wa zamani unaweza kuachia uchungu ukianza. Akiwa Newala, daktari yuko hatua chache. Akiwa hapa, kuna barabara ile niliyotoka nayo sasa hivi nikisukuma baiskeli. Na amesema aje na mtu wa kumpikia."

"Nani atampikia?" akauliza kwa ukali.

"Dada yangu anaweza," Zuhura akasema.

"Dada yako! Yule anayechemsha mboga mpaka zinasahau jina lake?" Akaingia ndani. Tukasikia sufuria zinagongana. Zuhura akaanza kuinuka, Issa akamshika mkono. Tulidhani mazungumzo yameisha na tumeshindwa. Mara yule mama akatoka na kikapu, ndani yake sufuria mbili, mwiko, unga, na ming'oko yote iliyoiva kwenye jani la mgomba. Kichwani ameshajitanda kanga ya safari.

"Mnanitazama nini? Gari saa ngapi?"

Saa tisa kasoro tulikuwa barabarani. Gari la chanjo lilikuja na vumbi lake. Dereva alisema nafasi ni ya mtu mmoja, yule mama akamwambia na yeye alizaliwa na mtu mmoja, asogeze makasha. Akasogeza. Zuhura alipanda polepole, Issa anamsukuma mgongo kama anayebeba yai. Alipokaa aliniangalia dirishani. "Fundi," akasema, "ile simu sasa inalia?"

"Inalia."

"Basi uiache hapa hapa," akasema, gari likaondoka.

Tulibaki mimi na Issa katikati ya barabara. Mama Somoe alisharudi dukani, kuna mtu alikuwa anataka chumvi. Newala ilikuwa mbali, tairi la nyuma limeanza kushuka pumzi, na sikumjua mtu mwingine kijijini pale isipokuwa wale wanne walionicheka.

"Umenikosesha simu siku kumi," Issa akasema. "Sasa umeniondolea mke na mama kwa saa moja. Unajua kupika?"

"Ugali ninaujua. Mbaazi ninaziunguza kidogo."

Alifikiri. Kisha akaichukua baiskeli, akaisukuma kuelekea kwake, nami nikafuata. Alinionyesha chumba cha mama yake: kitanda cha kamba, mkeka, mtungi wa maji ya mvua ambayo aliniambia niyatumie kwa adabu. Nikaweka mkoba wangu chini.

"Nikae mpaka lini?" nikamwuliza. Swali hilo nilikuwa sijawahi kumwuliza mtu. Siku zote mimi ndiye niliyejua.

Issa alikuwa mlangoni, anatazama ule mkeka wa korosho ambao mkewe aliuacha nusu umechambuliwa.

"Wameondoka wawili," akasema. "Siku ukiwahesabu ukaona wamerudi watatu, ndipo utafute pengine."

Nikatoka nje, nikakaa kwenye mkeka, nikaanza kutenganisha nzuri na mbovu.